Mpira Unatoka Katikati

Mdogo wangu alipewa jina la Shingo kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Alikuwa hawezi kukaa bila kugeuka. Anatazama nyuma, anatazama kulia, anatazama nyuma tena, kama kuku aliyesikia mwewe. Mama alidhani mtoto anaumwa. Akawa anamkanda shingo kwa mafuta ya vuguvugu kila jioni, na alipoona hakuna nafuu akambeba hadi kwa daktari. Daktari akampima, akampa kalamu aifuate kwa macho, akambonyeza huku na huku, halafu akasema, "Mtoto wako mzima. Ana udadisi tu. Anataka kujua kila mtu yuko wapi."

Mama alirudi naye nyumbani kakasirika kidogo, maana ugonjwa una dawa lakini udadisi hauna.

Baba wakati huo alikuwa ameshakuwa mtangazaji wa mpira redioni. Sauti yake ilijulikana mjini kuliko sura yake. Akisimama sokoni na kuuliza bei ya nyanya, watu waligeuka, na walipomwona baba mfupi mwenye miwani minene walichungulia nyuma yake kumtafuta mwenye sauti. Akitangaza mechi, hata mtu asiyejua kona ni nini aliegesha baiskeli akasikiliza.

Mama alikuwa mwoka mikate. Alifanya kazi kwenye chumba kirefu nyuma ya duka: tanuri la matofali upande mmoja, meza ya mbao iliyolika katikati kwa kukandiwa unga miaka na miaka, na rafu za trei mpaka darini. Juu ya rafu moja kulikuwa na redio ndogo iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili unga usiingie. Mimi niliuza mbele, kwenye kaunta. Kati yangu na Mama palikuwa na kidirisha cha kupitishia trei, na kupitia kidirisha hicho nilisikia kila alilosema. Alisema mengi.

Shingo alikua akicheza mpira kila mahali palipokuwa na nafasi ya kuuweka chini. Uzuri wake, au balaa lake, ni kwamba hakuna alichoshindwa. Kwenye timu ya vijana, beki wa kushoto akiugua, Shingo anacheza beki wa kushoto. Winga akisafiri, Shingo anakwenda pembeni. Siku moja kipa alipewa kadi nyekundu, na mdogo wangu akavaa glavu zilizomzidi, akasimama golini kipindi kizima na hakufungwa. Wenzake kila mmoja alikuwa na namba yake ya kucheza. Yeye alikuwa kiraka.

"Mshika mawili moja humponyoka," Baba alisema siku hiyo. "Huyu kashika kumi na moja."

Aliyemaliza wasiwasi huo ni kocha wa timu ya wakubwa, mtu wa maneno machache aliyekuwa na njiti ya meno mdomoni tangu asubuhi hadi jioni. Alimpandisha Shingo, akamtazama mazoezini wiki nzima, kisha akamwita. Akamwonyesha eneo lililo nyuma ya mshambuliaji wa kati.

"Vyote hivyo unavyovijua," akamwambia, "kavifanyie pale."

Jioni ile Shingo alitutangazia mezani kwamba sasa yeye ni kiungo mshambuliaji.

"Kiungo?" Mama akauliza. "Kama kitunguu saumu?"

"Ndiyo, Mama. Kama kitunguu saumu."

"Basi usizidi."

Tulicheka sote isipokuwa Baba. Mchana ule meneja wa redio alikuwa amemwita ofisini. Hakumgombeza, alimpa tahadhari tu. Watu wana maneno, alimwambia. Mtoto wako anaingia timu ya mji, na wewe ndiye sauti ya timu ya mji. Usije ukaigeuza redio yetu kuwa sebule yako.

"Sitaigeuza," Baba alitueleza akiwa ameshika kijiko bila kukitumia. "Jina lake litasikika pale tu itakapobidi. Akifunga goli nitasema kafunga. Akipewa kadi nitasema kapewa kadi. Mengine hapana."

"Hata mimi sitaki upendeleo," Shingo akasema.

Mama akawatazama wote wawili. "Haya," akasema, na 'haya' ya Mama ilikuwa na maana nyingi.

*

Mechi zilichezwa Jumamosi, saa kumi, na Jumamosi saa kumi Mama alikuwa anakanda unga wa mikate ya Jumapili. Kwa hiyo hakumwona mwanawe uwanjani. Alimsikia, au tuseme alijaribu kumsikia. Aliipandisha sauti ya redio, akapaka meza unga, akaanza kukata madonge, na Baba akaanza.

"Mpira unatoka katikati ya uwanja, unamkuta winga wa kulia, winga anaukokota, anamimina krosi, kichwa, goli. Goli la mshambuliaji wetu wa kati, mzee wa kazi, mtambo wa magoli."

Mama aliacha kukata. "Umetokaje katikati?" akaiuliza redio.

Redio haikumjibu. Baada ya muda ikasema, "Mpira umenaswa katikati ya uwanja, sasa unapelekwa kushoto, beki anapanda nao."

"Umenaswa na nani?"

Ikawa ndivyo kila Jumamosi. Kwa Baba, washambuliaji walikuwa na majina, mabeki walikuwa na majina, hata mshika kibendera alikuwa na jina na historia ya familia yake. Lakini mpira ukifika katikati ya uwanja ulijiendea wenyewe. Ulinaswa, ukatulizwa, ukageuzwa, ukapenyezwa. Mama alisema hajawahi kusikia mpira wenye akili kama ule. "Una miguu na macho," aliniambia kupitia kidirishani. "Siku moja utakuja hapa kununua skonzi."

Alikuwa anatania, lakini madonge ya unga yalikatwa kwa nguvu zaidi kila wiki.

Kilichotokea baadaye Baba hakukitegemea. Watu wengi mjini hawakwenda uwanjani. Walikuwa kazini, au vibandani mwao, na timu waliijua kwa masikio. Na masikio yao hayakumsikia Shingo. Mwishoni mwa msimu maneno yakaanza kusambaa, na Jumatatu moja yakafika kwenye kaunta yangu, yameletwa na fundi wa friji, mteja wetu wa mkate wa asubuhi na shabiki asiyejua kusema kwa sauti ndogo.

"Mimi nina swali moja," aliwaambia waliokuwa kwenye foleni. "Yule mtoto wa mtangazaji anafanya nini uwanjani? Mechi nzima humsikii. Wenzake wanahangaika, yeye anatalii. Anabebwa yule. Ukiwa na baba mwenye kinywa kikubwa utakosa namba?"

Nilitaka kumjibu, lakini mlango wa nyuma ulifunguka na Mama akatoka, unga umempanda hadi kwenye viwiko. Alinisogeza, akachukua mkate kwenye trei iliyokuwa imetoka tanurini dakika hiyo hiyo, akaufunga vizuri kwenye karatasi, akampa fundi wa friji kwa mikono miwili. Angemtukana ingekuwa nafuu. Yule bwana aliondoka ameukumbatia mkate unaomuunguza kifua, hata salamu ya kuaga akaisahau.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mama aliunguza trei nzima.

*

Jioni Mama alimsubiri Baba anawe mikono na kukaa.

"Baba Shingo," akasema. "Mtoto wetu anacheza vizuri au vibaya?"

Baba akavua miwani, akaanza kuifuta. "Anacheza vizuri."

"Vizuri namna gani?"

"Vizuri sana."

"Mbona mimi sijui? Mimi mama yake ninayekusikiliza kuliko mtu yeyote mji huu. Ungekuwa unatangaza habari za mtoto wa jirani ningekuwa namjua mpaka kucha."

"Nilitoa ahadi."

"Uliahidi hutampendelea. Hukuahidi utamficha. Watu wanasema anabebwa."

Baba akaacha kufuta miwani. Hilo hakuwa amelisikia. Kwa kawaida maneno ya mjini humzunguka mwenyewe na kumfikia wa mwisho. Niliona usoni mwake mtu aliyeziba tundu moja la paa akakuta maji yanaingilia lingine.

Shingo aliingia wakati huo, kafunga barafu kwenye kifundo cha mguu kwa kitambaa cha jikoni. Alituangalia mmoja mmoja, akageuka akatazama mlangoni alikotoka, akatutazama tena. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Mama, acha," akasema. "Baba ana kazi yake na mimi nina yangu. Kocha ananiona. Wenzangu wananiona. Mshambuliaji wetu kila akifunga ananinyooshea kidole."

"Hicho kidole hakisikiki redioni," Mama akasema, akainuka kwenda kumwongezea barafu.

*

Jumamosi iliyofuata Mama alibadilishana zamu na mwoka mikate mwenzake. Alivaa gauni lake la kwendea ugenini, akaitoa redio kwenye mfuko wake wa nailoni, akatia mkate mmoja kwenye kikapu kwa sababu Mama hakuwahi kwenda mahali mikono mitupu, akaniambia, "Twende ukanisomee."

"Nikusomee nini? Mpira hausomwi, Mama."

"Utanionyesha nani ni nani."

Tulikaa jukwaa la mbao, safu ya tatu. Mama akaweka spika ya redio kwenye sikio la kushoto, macho akayaelekeza uwanjani. Hakuhitaji kuonyeshwa. Timu zilipotoka tu alisema, "Yule pale anayegeukageuka," na kweli, katika wachezaji wote mmoja alikuwa anatazama huku na huku kama mtu anayevuka barabara ya magari mengi.

Nimemwona mdogo wangu akicheza tangu utotoni, lakini siku ile nilimtazama kwa macho ya Mama, na Mama alitazama mpira kama anavyotazama unga, haondoi jicho. Mpira ulimjia Shingo, beki wa wapinzani yuko mgongoni mwake, mkubwa kama kabati. Shingo hakuusimamisha. Aliugusa mara moja, laini, ukapita upande ambao kabati halikuutegemea, naye akapita upande wa pili, wakakutana huko mbele. Akainua kichwa. Winga wa kulia alikuwa bado hajaanza kukimbia wakati pasi inaondoka, na alipoanza akaukuta mpira umemsubiri miguuni.

"Mpira unatoka katikati ya uwanja, unamfikia winga," redio ikasema kwenye sikio la Mama.

Mama alihamisha redio sikio la pili, kama vile kasoro iko kwenye sikio.

Tukapoteza mpira. Viungo wengine walisimama wakishika viuno. Shingo akakimbia nusu ya uwanja kurudi, akamfukuzia mtu, akamnyang'anya bila kumgusa, akampa beki wetu wa kulia aliyekuwa ameanza kutetemeka, akamwambia neno. Sijui neno gani. Beki akatabasamu, na mabega yakamshuka.

"Mpira umenaswa," redio ikasema.

Winga wetu wa kushoto akaumia, na wakati wanamfunga bendeji Shingo akaenda kucheza kushoto. Akapiga krosi kwa mguu wa kushoto ambayo kipa aliitoa kwa ncha za vidole. Winga aliporudi, naye akarudi kwake katikati bila kuambiwa. Halafu, kinyume kabisa na mchezo ulivyokuwa ukienda, tukafungwa goli la kona la kizembe. Shingo ndiye aliyeuokota mpira wavuni, akaubeba mwenyewe hadi katikati ya uwanja, na njiani akamgonga kipa wetu mgongoni kwa kiganja.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Mama alizima redio. Akainuka, akakung'uta gauni.

"Baba yako anakaa wapi?"

Nikamwonyesha kibanda cha bati juu ya jukwaa kuu. Tukapanda. Mlinzi wa ngazi alituzuia.

"Mimi ni mke wa mtangazaji," Mama akamwambia. "Nimemletea mkate."

Mlinzi akatazama kikapu, akauona mkate, akatupisha.

*

Kibanda kilikuwa kidogo kama chumba cha kubadilishia nguo. Kulikuwa na meza moja, vipaza sauti viwili, fundi mitambo kwenye kona na nyaya zake, Baba, na mchambuzi, ambaye zamani alikuwa kipa na bado alikuwa na viganja kama sahani. Kipindi cha pili kilikuwa kinaanza. Baba alimwona mkewe mlangoni akiwa katikati ya sentensi. Sentensi iliyumba kidogo, kisha ikasimama sawa. Mchambuzi akampa Mama kiti chake na kuegemea ukutani. Mimi nikabaki mlangoni.

"Timu zimerudi dimbani," Baba akasema, "na mpira unatoka katikati ya uwanja, unapelekwa kwa mshambuliaji…"

"Nani kaupeleka?" Mama akauliza.

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Lakini kipaza sauti cha mchambuzi kilikuwa mbele yake, na kilikuwa wazi.

Redio ikanyamaza. Baadaye watu walituambia kwamba walidhani umeme umekatika, wengine wakazipiga redio zao kofi. Fundi mitambo akapeleka mkono kwenye kitufe, akamtazama Baba akisubiri ishara. Baba hakutoa ishara. Fundi akaurudisha mkono mapajani.

"Shingo," Baba akasema.

Mchezo ukaendelea. "Beki wao anaondosha hatari, lakini mpira umenaswa…"

"Na nani?"

"Na Shingo." Akaufuata mpira kwa macho. "Unapigwa pasi ndefu kwenda upande wa pili…"

"Nani kapiga?"

"Shingo. Kwa mguu wa kushoto."

Mchambuzi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Baba akavua miwani, akaivaa tena, akajisogeza karibu na kipaza sauti.

"Wasikilizaji," akasema, "anayeuliza ni mke wangu. Na anayeulizwa ni mtoto wetu. Sasa mmejua, na anayetaka kuzima redio yake azime kwa amani. Mimi naendelea."

Nimemsikiliza Baba maisha yangu yote, na sikuwahi kumsikia akitangaza vile. Hakupiga kelele. Alishusha sauti, kama mtu anayefungua sanduku.

"Shingo anapokea akiwa amelipa goli kisogo. Kabla mpira haujafika ameshatazama nyuma. Tazameni, ametazama tena. Kulia kuna mtu, kwa hiyo anageukia kushoto, na mtu anabaki anakaba hewa. Mguu wake mzuri ni upi? Msiniulize, nimemlea na sijui. Sasa amepiga pasi katikati ya mabeki wawili, upana wa mlango wa kabati, kama ile ya mechi ya mvua ambayo sikuwaambia. Beki wetu amepanda, nafasi yake iko wazi, nani amekwenda kuiziba? Shingo. Hatasifiwa kwa hilo na mtu yeyote, na wiki iliyopita alifanya hivyo hivyo, na mimi nilikuwa hapa nikaona na sikuwaambia."

Kumbe alikuwa anaviona vyote. Hakuna kilichompita. Alikuwa ameviweka kifuani msimu mzima, na sasa vilikuwa vinatoka kimoja baada ya kingine, na Mama alikuwa ameweka mikono mapajani, anasikiliza kama mgeni anayesimuliwa habari za nyumbani kwake.

Halafu Shingo akakosea. Alijaribu kupenyeza mpira mahali pasipopenyeka, ukaishia kwa wapinzani.

"Hiyo ni pasi mbovu," Baba akasema. "Pasi mbovu ya mwanangu."

"Mwenzake ndiye hakukimbia," Mama akasema.

"Hapana, Mama Shingo. Mwenzake alikimbia. Pasi ilikuwa mbovu."

"Alikimbia polepole."

"Wasikilizaji, mnaona ninachokutana nacho nyumbani."

Fundi mitambo alilazimika kuziba mdomo kwa mkono.

Goli lilikuja jua likiwa limeanza kuinama. Winga wa kulia aliingia ndani akapiga krosi ya chini, kali. Shingo akachomoka kutoka nyuma, akakimbilia mlingoti wa karibu kwa kasi ya mtu aliyeitwa, mabeki wawili wakamfuata, kipa akamwegemea yeye. Mpira ukafika miguuni mwake. Akatanua miguu, akauacha upite. Nyuma yake alikuwapo mshambuliaji wetu, peke yake, na goli lote lilikuwa wazi mbele yake.

Uwanja ukalipuka. Baba, ambaye kwa goli lolote lingine angeimba, alinyamaza kwanza.

"Mbona hajaugusa?" Mama akauliza.

"Ndiyo maana limeingia," Baba akasema. "Wasikilizaji, goli ni la mshambuliaji, na pasi ni ya winga. Shingo hakuugusa mpira huu. Aliwachukua mabeki wawili na kipa, akaenda nao mahali pengine. Aliuona mpira, angeweza kufunga mwenyewe, akajua nyuma yake kuna mtu aliye na nafasi nzuri zaidi. Alijuaje? Alitazama. Amekuwa akitazama tangu akiwa mdogo, sisi tukidhani mgonjwa."

Sauti ikamkatika hapo. Mchambuzi akaja mbio akainama kwenye kipaza sauti, akasema ndiyo, ni kweli kabisa, yeye kama kipa wa zamani anasema kitu kama hicho hakizuiliki, akaendelea kusema hivyo hivyo kwa maneno mengine mpaka Baba alipomaliza kufuta miwani.

Hatukushinda. Karibu na mwisho tulipata mpira wa adhabu pembezoni mwa eneo la kumi na nane, na mji mzima, nina hakika, ulisimama. Shingo akaupiga juu ya ukuta wa wachezaji, kipa akiwa ameshaukubali msiba, ukagonga mwamba na kwenda nje. Tukatoka sare ya moja kwa moja. Mama alitazama mwamba ule kwa muda mrefu, kama mtu anayekariri sura.

*

Jumatatu fundi wa friji alifika kimya kuliko kawaida. Mama alitoka nyuma kumhudumia mwenyewe.

"Nilisikiliza juzi," akasema yule bwana, macho kwenye skonzi.

"Ukasikia nini?"

Akafikiri. "Nilisikia ile pasi ilikuwa mbovu kweli, mama."

Mama akacheka mpaka akashika kaunta.

Huko redioni mambo hayakuwa mepesi hivyo. Simu zilikuwa zimepigwa nyingi. Wako waliotaka yule mama awe anakuja kila Jumamosi, na wako waliosema ni aibu, redio imekuwa sebule. Meneja alimwita Baba, akamwambia hana ugomvi naye, lakini maadamu mtoto yuko katika timu ile, mechi zake zitatangazwa na mtu mwingine. Baba atabaki na mechi nyingine zote. Nafasi hiyo alipewa binti mmoja mtangazaji, mwepesi wa ulimi, anayetaja majina ya wachezaji wote bila kumwogopa mtu.

Baba alirudi nyumbani akakaa bila kuvua koti.

"Wameniondoa kwenye mechi za Shingo," akasema.

Mama alikuwa anachambua mchele. "Pole."

"Meneja ana haki. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo."

"Kwa hiyo Jumamosi saa kumi huna kazi."

"Sina."

"Mimi nimeomba zamu ya alfajiri," Mama akasema, akaendelea na mchele wake.

Baba alimtazama, kisha akainuka kuvua koti. Shingo alipoingia kutoka mazoezini, waliulizana habari za mguu na habari za kazi, na walipokuwa wanakula mdogo wangu akasema, macho kwenye sahani, "Baba, ile pasi niliona nafasi, ila nilichelewa."

"Nilijua uliiona," Baba akamjibu. "Wiki ijayo ipige mapema."

Ndivyo walivyozungumza kuhusu jambo lile, na sikusikia wakilizungumza tena.

Jumamosi tulikwenda watatu, tukakaa jukwaa la mbao. Baba hakuwahi kutazama mechi bila kipaza sauti mbele yake, na hakujua afanye nini na mikono. Aliishika pamoja, akaiweka magotini, akaikunja kifuani. Alivumilia mpaka Shingo alipopokea mpira kwa mara ya kwanza, akageuka, akamwacha mtu. Hapo midomo yake ikaanza kwenda.

Alimnong'onezea Mama, kwa sauti ya chini kabisa. Amepokea kwa kulia. Ametazama nyuma. Sasa tazama winga, bado hajaanza, sasa ameanza, umeona? Anarudi kukaba. Anamwambia beki asogee. Mama hakugeuza kichwa, ila alijisogeza kidogo mpaka bega lake likagusa la Baba, akawa anaitikia, mm, mm, nimeona.

Safu iliyo mbele yetu walikaa vijana wanne na mzee mmoja mwenye kofia. Nikaona mzee anaegemea nyuma, kisha kijana mmoja naye, kisha wote watano wako wamelala nyuma kama wanaoota jua, masikio yameelekezwa kwetu. Mwishowe yule mzee akageuka.

"Samahani, ndugu," akamwambia Baba kwa heshima. "Kama haitakusumbua, ungepandisha sauti kidogo."

Baba akamtazama Mama.

"Mpandishie," Mama akasema. "Lakini mimi nauliza maswali yangu kwanza."